Vyombo Vilivyovuka Reli

Katika mji wote wa Makutano hakuna kiumbe, awe wa damu au wa nyaya, aliyewahi kunishika nikidanganya. Waulize. Mwalimu Tindwa alinifundisha shule ya msingi nzima, na mpaka leo anaamini nilikuwa na bibi watano, maana wote niliwazika katika kipindi chake cha hesabu. Kwa hiyo Mama Liang aliponiita akasema anatafuta mtu wa kumdanganya Jirani, sikushangaa kuitwa. Nilishangaa amechelewa.

Alinipokea barazani kwake, Mwangazani, juu kabisa mlimani, mahali ambapo ukitazama chini unaiona Magunia yetu ng'ambo ya reli kama kitu kilichomwagika na kikakosa wa kukizoa.

"Karibu, Shaweji baba. Umekula?"

"Nimekula, mama, lakini tumbo langu halina kumbukumbu."

Akacheka, akanisogezea sahani. Babu yake Mama Liang alikuja kutandika reli, baba yake akazaliwa hapa, yeye akazaliwa hapa, na Kiswahili chake kinaweza kukukaanga bila mafuta. Ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi ya Shule ya Mwangazani, ambako wanasoma watoto wa mainjinia, wa Kichina na wa Kihindi, pamoja na watoto wa wakubwa wa mji wanaofanana na mimi kwa rangi tu. Sisi wa Magunia ni wajukuu wa watu wa pwani. Bahari ilipopanda ikawafukuza, walijenga kuta za magunia ya mchanga. Siku hizi kuta ni za tofali. Jina limegoma kuhama.

"Mstari wa shule unasogea," alisema. "Jirani atasoma rasimu wiki ya mwisho ya mwezi. Nasikia utashuka mlima, utavuka reli, utaizunguka Magunia yote."

"Yaani watoto wetu waje kusoma kwenu."

"Na nusu ya wetu waje kwenu."

"Hapo ndipo panapouma?"

Hakukasirika. Aliangalia mikono yake. "Mwaka juzi mstari ulimpeleka mwanangu Junjie shule ya Stesheni. Darasa zima yeye peke yake mwenye sura kama yangu. Kila mapumziko wanampapasa nywele kama mbuzi wa akika. Hakuna aliyempiga, Shaweji. Hakuna aliyemtukana. Ila kila siku alirudi mdogo kuliko alivyoondoka, mpaka mwaka jana mstari ulipomrudisha mlimani. Ukinicheka nakufukuza."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikautia sambusa.

Hapa lazima niseme kuhusu Jirani, maana msomaji asiye wa Makutano atadhani ni mtu wa nyumba ya pili. Jirani ni mashine. Ndiye anayechora mipaka ya shule, ili watoto wa mji mmoja wasikue kama watu wa nchi mbili. Zamani mipaka ilichorwa kwa kuwauliza watu kabila, rangi na kipato, na watu wakajibu wanavyojibu watu. Mtaa wa matajiri ulikuwa unakodi maskini wakae sebuleni siku ya kuhesabiwa. Kuna mzee mmoja alikuwa babu katika nyumba kadhaa za Mwangazani kwa wakati mmoja. Alipofariki akaliliwa na koo tatu, moja kwa Kigujarati. Baada ya aibu ile sheria ikakataza kumuuliza mtu chochote. Jirani akaambiwa atafute mwenyewe ni nani anamjua nani.

Akatazama vyombo.

Kila sufuria, bakuli na sinia la Makutano lina punje chini ya kitako, tangu miaka ya mgao, wakati chakula kilipokuwa kinagawiwa kwa chombo. Punje ni ndogo kama ufuta, na inahisi uzito na joto. Katika kila uchochoro kuna kinara cha chuma kinachosoma punje zinazopita. Basi Jirani hajui wewe ni Mhindi, Mchina au Mzaramo. Anajua bakuli la nyumba hii lilikwenda nyumba ile. Mitaa inayopelekeana chakula anaiacha, kwa kuwa imeshajichanganya yenyewe. Mitaa isiyojuana anaitia ndani ya mstari mmoja, watoto wakajuane darasani. Kuna pia kanuni ya tatu, inayohusu ugomvi, ambayo haijawahi kutumika, nami nikaipita kama mtu anavyopita tangazo la dawa ya panya.

"Kwa hiyo unataka Mwangazani na Magunia wapendane ndani ya mwezi mmoja," nilimwambia Mama Liang.

"Waonekane wanapendana."

"Hiyo nafuu. Kupendana ni kazi."

"Nikikuomba hivi nakuomba bure?" Akainama karibu. "Shule yetu ina nafasi ya mgeni. Mtoto mmoja kutoka nje ya mstari, kamati ndiyo inayomchagua. Nasikia una mdogo wako."

Nilishuka mlima ule. Ninaye mdogo wangu, Mwantumu, na Mwantumu ana ugonjwa wa kuta. Anajenga ukingo wa udongo kwenye mfereji wetu, anaumwagia ndoo ya maji, unabomoka, anajenga mwingine. Mama ameshanunua ndoo mpaka muuzaji anamwita shemeji. Shule ya Mwangazani ina hodhi la mawimbi, la vioo, lenye mashine ya kutengeneza bahari ndogo ili watoto wajaribu kuta zao. Siku ya maonyesho nilimpeleka akalichungulia. Njia nzima ya kurudi hakusema neno. Mwantumu akinyamaza ujue kuna kitu kichwani mwake kinajengwa na ndoo itateseka.

Mtoto mmoja aingie, mtaa mzima ubaki nje. Nililipima jambo hilo nilipofika relini. Nikaona mizani ina kasoro. Nikaiweka chini, nikavuka.

*

Wiki ya kwanza nilifanya kazi kwa heshima. Mama Liang na wenzake, ambao aliwaambia ni zawadi ya ujirani tu, walipika, nikashuka na masinia ya biriani, mabakuli ya tambi, maandazi yao ya mvuke yenye nyama ndani. Ningeweza kuyafikisha kwenye nyumba za watu. Lakini ukimpelekea mtu biriani asiyoiomba atakuuliza inatoka wapi, na ukimjibu inatoka Mwangazani atakuuliza wametaka nini. Basi niliyapitisha mbele ya vinara vya Magunia, nikakaa na rafiki zangu nyuma ya kiwanda cha tofali, tukayashughulikia. Rafiki zangu hawakuuliza swali hata moja. Ndiyo maana ni rafiki zangu.

Upande wa pili ulikuwa mgumu. Nilihitaji vyombo vya Magunia vipande mlima. Nikaenda kwa Bi Kidawa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwenye vyombo vingi kuliko hoteli.

"Bi Kidawa, shikamoo. Nina arusi."

"Marahaba. Wewe? Nani kakosa macho?"

"Arusi ya rafiki yangu, bibi. Stesheni. Wanaomba mabakuli."

"Arusi inaomba mabakuli bila kuniomba mimi mwenyewe nikaonekane?"

"Ni arusi ndogo. Ya kisasa. Hata bwana harusi hajaalikwa vizuri."

Alicheka mpaka akakohoa, akanitolea mabakuli yake, na juu akaweka lile la maua ya buluu alilookoa na mama yake pwani, siku maji yalipoingia ndani. "Hili nalo lipeleke, arusi ipendeze. Ukilivunja usirudi, hamia huko huko."

Wengine wakafuata, maana Bi Kidawa akitoa hakuna wa kunyima. Nikawa napanda na vyombo vitupu, au nimevitia viazi njiani vipate uzito, navikalisha barazani kwa Mama Liang vipumue, nashuka navyo. Vya Mwangazani navyo nikavirudisha. Nilivisugua vyote bombani, pale kwenye kivuko cha reli, vikang'aa kama meno ya mgombea. Vinatoka asubuhi, alasiri vimeshafika kwao. Hakuna chombo kilicholala ugenini, na kila asubuhi niliviazima upya, arusi yangu ikizidi kurefuka. Mama Liang alinisifu: "Wewe una mbio, Shaweji."

Sasa wewe msomaji, kama umelelewa, umeshaona nilipokosea, na unanisikitikia. Mimi pia nimelelewa. Tangu naanza kutembea natumwa sahani kwa majirani. Najua kwamba jirani akikuletea chakula, chombo chake kinakaa kwako. Kinakaa mpaka upate cha kutia ndani, hata kama ni ndimu mbili, hata kama ni chumvi. Mama yangu amewahi kukaa na hotipoti la watu mwezi mzima, akilitazama kama deni la swala, kwa sababu tulikuwa hatuna kitu cha kulirudishia. Kumrudishia mtu chombo siku ileile, kimeoshwa, kitupu, ni kumwambia: chakula chako tumekiona, usilete tena. Watu wameacha kuzikana kwa ajili hiyo.

Yote hayo nilikuwa nayajua. Nilidhani tu mashine haina adabu.

*

Mkutano ulikuwa alasiri, uwanja wa stesheni, watu wa Mwangazani upande wa kivuli na sisi upande wa jua, na hakuna aliyetupanga hivyo. Mimi nilikaa katikati ya watu wetu, Mama kulia kwangu. Mwantumu alikuwa mbele na watoto wenzake, wanachora chini kwa vijiti. Sikuweza kutulia. Nilibadilisha mkao, nikafunga kiatu, nikakifungua, Mama akanifinya paja.

"Una chawa?"

"Nina furaha, Mama."

"Furaha gani inajikuna?"

Kabla ya rasimu, sheria inataka watu waseme. Baba mmoja wa Mwangazani aliyevaa miwani akasema hana tatizo na mtu yeyote, ila watoto wadogo kuvuka reli kila asubuhi ni hatari. Nikapaza sauti kutoka nyuma: "Sisi tumevuka kuja kuwafulia miaka yote, treni hazijatuona!" Uwanja wa jua ukaangua kicheko. Nilijisikia vizuri. Nilikuwa nawatetea watu niliowauza, na kwa sauti nzuri kabisa.

Kisha akasimama Mwalimu Tindwa, mkuu wa shule yetu ya Magunia, mtu mwembamba ambaye shati lake linamvaa yeye.

"Mimi nataka mstari usogee," alisema, "na mimi nauogopa. Mmenielewa? Msipige makofi bado. Kila ukisogea, watoto wangu wanagawiwa kama chumvi. Chungu hiki kidogo, chungu kile kidogo, ili ladha ya watu iwe nzuri. Hakuna anayeuliza chumvi yenyewe inaonaje. Lakini nimefundisha mawimbi kwa kuchora ubaoni miaka yote, na ng'ambo kuna hodhi. Siwezi kumwambia mtoto abaki kwangu ili nisipate upweke. Usogee. Ila wakiwapokea, wawapokee kama watoto, si kama kiungo."

Hakuna aliyepiga makofi hata baada ya kumaliza. Mama Liang, upande wa pili, alikuwa ameinamisha uso.

Ndipo Jirani akasema, kutoka kinara kikubwa cha katikati. Walimpa sauti ya mama mtu mzima, mtu anayeongea huku anachambua mchele.

"Wanangu, poleni na jua. Rasimu yangu ya kwanza iliwatia Mwangazani na Magunia ndani ya mstari mmoja, kwa kuwa mlikuwa hamjuani. Nimeibadilisha. Mwezi huu vyombo vingi vimevuka reli kuliko miaka yote niliyoishi nanyi."

Nilimtazama Mama Liang. Alinitazama. Moyo wangu ukakaa mkao wa mtu anayengoja kupongezwa.

"Vyote vimerudi," Jirani akaendelea. "Vimerudi siku ileile, vimeoshwa. Vitupu."

 Wanawake wa kwetu wakavuta pumzi kwa pamoja. Na upande wa kivuli vilevile, wake wa Kihindi na wa Kichina, wote wa hapa hapa, wote wamelelewa hapa, nikaona mikono inakwenda midomoni.

"Walionifundisha ni akina mama wa mji huu," alisema Jirani. "Waliniambia, chombo kikirudi hivyo mara moja, ni haraka. Kikirudi hivyo mara mbili, ni dharau. Sijawahi kuona mitaa miwili inayochukiana namna hii. Kanuni ya tatu inasema mtoto hapelekwi ndani ya ugomvi wa wakubwa. Mstari nitaupitisha juu ya reli na nitaufunga, mpaka watoto walioanza la kwanza mwaka huu wamalize la saba. Nafasi za wageni nazo zimefutwa, pande zote."

Mwantumu aliacha kuchora. Niliiona shingo yake tu, na kijiti kilichosimama mkononi. Kufika wakati huo atakuwa ameshamaliza shule, hodhi litakuwa la watu wengine, naye atakuwa anafua ng'ambo.

"Nani amewarudishia vyombo vitupu?" Bi Kidawa alikuwa ameshasimama, khanga imeteleza. "Nani? Mimi? Nyie ndio mlioanza!"

"Tumeanza nini?" akajibu mama mmoja wa kivulini. "Biriani yangu imekwenda kwenu mara ngapi? Hata asante!"

"Biriani gani? Mwenyezi Mungu anione, biriani gani?"

Watu wakasimama. Kelele zikawa za kweli. Nikaona kitu nilichokuwa nimekiigiza kwa mwezi mzima kinazaliwa mbele yangu, kina mikono na miguu.

"Tulieni," alisema Jirani. "Kama vyombo vile havikubeba neno la watu, kama kuna aliyevipitisha kunidanganya, aseme sasa. Nitafuta safari zake zote na rasimu ya kwanza itarudi kama ilivyokuwa, mitaa miwili mstari mmoja. Ila sheria mnaijua. Nyumba iliyoudanganya mstari, mtoto wake haguswi na mstari. Atabaki shule aliyopo mpaka amalize."

Niliipiga hesabu hiyo haraka, mimi niliyezika bibi watano ili niikimbie hesabu. Nikinyamaza, hakuna wa Magunia atakayevuka. Nikisema, watavuka wote, wajinga na wajanja, mpaka mtoto wa muuza ndoo. Wote isipokuwa mmoja.

Nilimtafuta Mama Liang. Alikuwa amekaa wima, midomo imebana. Nyumba yake nayo iliudanganya mstari. Akisema, Junjie atabaki alipo, mlimani, karibu na hodhi, nywele zake salama. Adhabu ileile. Kwake ilikuwa zawadi, na bado hakusema, kwa sababu mwenyekiti wa kamati haaibiki mbele ya watu. Macho yetu yakakutana, yakakimbiana.

Mama akaninong'oneza, "Shaweji. Ile arusi ya Stesheni. Ilikuwa ya nani?"

"Humjui, Mama."

"Na bibi harusi?"

"Naye humjui."

Nikasimama. Hata sasa sijui kwa nini nilisimama, ila mimi nikiwa na hofu lazima niongee. "Jirani, mama yetu," nikasema, nikatabasamu kwa uwanja mzima, "samahani, tusigombane bure. Vinara vyenyewe vya zamani, punje za tangu mgao. Mvua ya mwezi huu imeingia mle. Mashine imezeeka, inaota. Nani kati yetu amemwona mtu akivuka reli na mabakuli? Mmoja tu asimame."

Watu walitazamana. Baba wa miwani akatikisa kichwa kukubali. Mwalimu Tindwa alinitazama kwa imani ileile aliyoniangalia nayo nikimwambia bibi wa tatu amefariki. Ilikuwa inashika. Naapa ilikuwa inashika.

Mwantumu akasimama.

Hakugeuka nyuma. Alisema na kinara, mikono imejaa vumbi, kijiti bado amekishika.

"Mimi nimemwona. Bombani, kwenye kivuko. Siku nyingi. Anasugua lile bakuli la maua la Bi Kidawa, halafu analiweka kwenye kiroba na mengine anapanda nayo. Nilifikiri anawasaidia watu."

"Mwantumu," nikasema. "Kaa chini. Umesikia alichosema Jirani? Umesikia mpaka mwisho?"

"Nimesikia."

"Mwanangu," alisema Jirani, na ile sauti ya kuchambua mchele ilipungua kasi, "huyo unayemsema ni wa nyumba ipi?"

Watoto wenzake walikuwa wamemzunguka, wameinua nyuso wanamtazama. Alifuta pua kwa mkono wa vumbi. Ndipo akageuka, akanitafuta kati ya watu wote wale, akaniona.

"Yetu," alisema. "Ni kaka yangu. Yule pale, aliyesimama anacheka."